Klabu ya kikapu mtaani: mwongozo kamili wa kuijenga iwe nguzo ya vijana

Klabu nyingi za mpira wa kikapu huanza na ndoto ya kombe. Wanatafutwa vijana warefu, zinashonwa jezi, ligi inaanza. Baada ya misimu michache wamebaki wale wachache wanaojua kucheza, na wale wengine wote waliojitokeza siku ya kwanza hakuna anayejua walipo.

Mwongozo huu ni wa klabu inayotaka njia nyingine. Kijana huonana na kocha wake mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka hadi mwaka. Ukiacha nyumbani na shuleni, ni watu wazima wachache sana wanaopata kuwa karibu naye namna hiyo. Hiyo ndiyo mali kubwa ya klabu, na haiuzwi dukani. Klabu inamsaidia kijana pale ambapo kuna mtu mzima anayejua jina lake, anayegundua asipofika, na anayekwenda kumuuliza.

Wala hatuulazimishii mchezo kazi isiyo yake. Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana watukutu waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani majira ya baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, akaandika kanuni 13, akawapa mpira. Roshani ile ilikuwa na kimo cha futi 10, ndiyo maana hadi leo ringi huwekwa mita 3.05 kutoka chini. Kikapu kilibuniwa kwa ajili ya vijana waliokosa cha kuwatuliza.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kununua mpira

Tenga wiki mbili tatu za kuzunguka na kuuliza. Zungumza na vijana wenyewe kwanza, kisha wazazi, walimu, na watu wanaokaa jirani na uwanja. Maswali yawe ya kawaida: saa ngapi huna la kufanya? Nani hukuzuia kutoka nyumbani, na kwa nini? Uwanja ule unauogopa saa ngapi? Ukiumia, nani apigiwe simu?

Majibu ya swali la kukuzuia ndiyo yatakayopanga klabu yako. Utakuta kijana anayelea wadogo zake hadi mama arudi kazini. Utakuta msichana ambaye baba yake hana shida na mchezo, shida yake ni giza la njiani. Utakuta aliyeacha shule anayeona haya kukaa pamoja na wenye sare. Kila mmoja ana dawa yake: wadogo waje nao wakae pembeni na mpira wao mdogo, mazoezi ya wasichana yaishe jua lingali juu, na fomu ya kujiandikisha isiwe na sehemu ya kuandika jina la shule.

Katika kuzunguka huko, tafuta watu wazima watatu wa kuanza nao: wa kufundisha, wa kushika fedha, na wa kusimamia usalama wa watoto. Kofia hizi zisivaliwe na mtu mmoja hata kama anaziweza zote.

Hatua ya 2: Uwanja na vifaa

Uwanja kamili wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Usisubiri kuupata. Mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021, unahitaji ringi moja na eneo la mita 15 kwa 11. Kila timu ina wachezaji watatu na mmoja wa akiba, mechi ni ya dakika 10, na timu ikifikisha pointi 21 kabla ya hapo imeshinda. Kwa klabu changa huu ni mchezo wa baraka: kila mtu anaugusa mpira mara nyingi, na hakuna pa kujificha.

Kama uwanja ni wa shule, wa taasisi ya dini au wa serikali ya mtaa, pata ruhusa kwa maandishi yenye siku na saa. Ruhusa ya mdomo hufa siku msimamizi anapohamishwa.

Mipira ina namba. Namba 7 ni ya wanaume, namba 6 ya wanawake, namba 5 ya watoto walio chini ya miaka 12. Watoto hao ringi yao huwa mita 2.60. Ukimpa mtoto wa miaka tisa mpira wa namba 7 na ringi ya watu wazima, atajifunza kurusha kwa kiuno na bega, na kosa hilo atakwenda nalo hadi ukubwani. Kama ringi haishuki, chora duara ukutani kwa chaki kwenye kimo hicho. Linatosha kufundishia mkono.

Mengine ni filimbi, koni, fulana za rangi mbili za kugawia timu, na sanduku la huduma ya kwanza. Kila siku kabla ya kuanza, mtu mmoja azunguke uwanja mzima akitazama vioo, mchanga unaoteleza, maji, na nguzo isiyofungwa sponji. Kisha aitikise nguzo ya ringi. Watoto huning'inia, na nguzo iliyooza chini huua.

Hatua ya 3: Ratiba isiyotikisika

Chagua siku na saa ambazo vijana wana hatari ya kukaa bure, kisha usizibadilishe. Kwa wanafunzi ni saa za baada ya masomo kabla wazazi hawajarudi, na ni likizo. Kwa vijana wakubwa huenda ikawa usiku. Mwaka 1986 huko Glenarden, Maryland, Marekani, G. Van Standifer alianzisha ligi ya usiku kwa wanaume wa miaka 17 hadi 21, mechi zikianza baada ya saa 4 usiku, akilenga saa zile zile ambazo vijana wa rika hilo walikuwa wakiingia matatani. Sishauri kila klabu ifungue usiku. Ninachosema ni kwamba ratiba ifuate mahitaji ya kijana, kocha ajipange humo.

Mazoezi mawili kwa wiki yasiyowahi kuahirishwa ni bora kuliko matano yanayotegemea kama kocha ana nafasi. Kijana ambaye watu wazima wamemwahidi mengi na kumwangusha atakupima kwa jambo hili kwanza. Mvua ikinyesha, kutaneni chini ya paa mfundishe kanuni au ujazaji wa karatasi ya alama. Kocha akiugua, awepo wa kumshikia filimbi.

Hatua ya 4: Ulinzi wa watoto, kabla ya mazoezi ya kwanza

Sehemu hii isirukwe. Mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali penye watoto, penye heshima kwa kocha, na pasipo na maswali. Klabu ya michezo ina vitu viwili vya kwanza kwa asili yake. Kazi yenu ni kuhakikisha cha tatu hakipo.

Kila anayetaka kufundisha au kusaidia, hata kama ni ndugu yako, alete wadhamini wawili mnaowapigia simu kwelikweli, na afanyiwe uhakiki wa rekodi pale ambapo mamlaka hutoa huduma hiyo. Halafu wekeni kanuni hizi, zibandikwe mahali ambapo watoto wenyewe wanazisoma:

- Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Daima wawe watu wazima wawili, au mlango wazi.
- Ujumbe wa simu hupitia kundi lenye mzazi na kiongozi mwingine. Kocha hamwandikii mtoto faraghani, hata kumpongeza.
- Safari huenda na ruhusa ya maandishi ya mzazi. Watoto hawalali chumba kimoja na mtu mzima wa klabu.
- Picha hazipandishwi mtandaoni bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na kamwe zisiambatane na jina kamili, shule na saa za mazoezi.
- Hakuna viboko, hakuna matusi, hakuna adhabu ya kukimbizwa hadi mtu atapike.

Siku mtoto atakapokuja na neno zito, msikilize bila kumkatiza. Usimwahidi siri, kwa maana huwezi kuitunza. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako. Nitamwambia mtu anayeweza kutusaidia." Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, kisha mpe mhusika wa ulinzi, yule mliyemweka kusimamia usalama wa watoto, siku hiyo hiyo ili afikishe kwa ustawi wa jamii au polisi. Msifanye upelelezi wenu. Msimwite mtuhumiwa mkamsuluhisha. Usuluhishi wa kimyakimya ndio umewaumiza watoto wengi mara ya pili, na nasema hili kwa uchungu.

Hatua ya 5: Daftari la mahudhurio

Kama ningeruhusiwa kuipa klabu kifaa kimoja tu baada ya mpira, ningeipa daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Chora ukurasa hivi: majina kushoto, tarehe juu, na kulia kabisa acha safu pana ya maelezo. Anayefika anatiwa alama na mtu aliyesimama langoni, anayemtazama usoni na kumsalimia kwa jina. Usiwaachie wajiandikishe wenyewe, kwani unachotafuta langoni ni ule mtazamo: huyu macho mekundu, huyu kachechemea, huyu leo hakujibu salamu. Neno moja linaandikwa kulia, la kawaida lisilomwaibisha mtu. "Kachoka." "Viatu vimekwisha." Mambo mazito hayaingii humu, yana daftari lake kwa mhusika wa ulinzi.

Akikosa mara moja, acha. Akikosa mara mbili mfululizo bila taarifa, klabu inapiga simu nyumbani kabla ya zoezi la tatu. Simu ile isiwe ya kudai. "Habari za jioni, mama. Mimi ni kocha wa kikapu. Wiki hii hatujamwona kijana wetu uwanjani, nikaona niwajulie hali. Mko salama?" Mara nyingi jibu ni jepesi: mtihani, malaria, safari. Mara nyingine mama ananyamaza kidogo, na unajua kuna jambo. Hapo unauliza kama unaweza kupita kuwasalimia, ukiwa na mwenzako.

Mwisho wa mwezi viongozi wakae na daftari nusu saa. Tazameni anayefika mapema kupita wote na kuondoka wa mwisho kila siku. Watu humsifia kwa bidii, na huenda ni bidii kweli. Huenda pia ni kwamba hataki kurudi nyumbani.

Hatua ya 6: Mazoezi yenyewe

Zoezi la dakika 90 linatosha. Dakika 15 za kupasha mwili, zikiwemo kusimama kwa mguu mmoja na kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kwa sababu jeraha la kawaida kuliko yote katika kikapu ni kuteguka kifundo cha mguu. Dakika 25 za ufundi mmoja tu: leo kudunda kwa mkono dhaifu, kesho pasi ya kifua. Dakika 35 za mchezo kwenye timu ndogo ndogo. Dakika 15 za mwisho ni za kunyoosha viungo, maji, na mazungumzo.

Epuka foleni. Ukiona watoto kumi wamejipanga wakisubiri kurusha kwenye ringi moja, mazoezi yamekufa. Wagawe: wanne warushe, watatu wadunde, watatu wakabane. Asiye na mpira awe na kazi nyingine ya miguu.

Katika mechi za wadogo, kila mtoto acheze, na kanuni hiyo itangazwe mapema ili mzazi asije akapiga kelele ukingoni. Mchezaji wa mwisho kwa uwezo ndiye anayeonyesha klabu yako ni ya namna gani. Mkosoe kwa jambo moja analoweza kulirekebisha pale pale: "Magoti kwanza, halafu mkono." Hotuba ya dakika tano baada ya kosa haifundishi kitu.

Vijana wanapoanza kung'aa, jihadharini kuwachosha. Mwongozo wa vijana uliotolewa na NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, na Shirikisho la Kikapu la Marekani mwaka 2016 unashauri mtoto asijifungie kwenye kikapu pekee kabla ya miaka 14, na apumzike angalau siku moja kwa wiki. Usingizi nao uzungumzwe: wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10.

Akitegua kifundo, pumzisha mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu. Akishindwa kutembea hatua nne, apelekwe hospitali apigwe eksirei. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akalalamika kizunguzungu hachezi tena siku hiyo, hata akililia kurudi, wala harudi kabla mtaalamu wa afya hajamruhusu. Anayeanguka ghafla bila kugongwa na mtu, asiyeitika wala kupumua kawaida, moyo huenda umesimama: mmoja apige simu ya dharura, mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila kocha ajifunze hili kwa vitendo kabla hajashika filimbi.

Hatua ya 7: Wasichana wawe wenyeji, si wageni

Klabu nyingi husema "wasichana wanakaribishwa" kisha zinashangaa hawaji. Gawa saa za uwanja sawasawa na uzibandike, usiwape mabaki. Tafuta kocha mwanamke, na kama hayupo, mfundishe dada mkubwa mmoja awe msaidizi, awe na filimbi yake. Choo kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na sanduku la huduma ya kwanza liwe na pedi bila kuombwa. Mavazi yachaguliwe na wao: anayetaka suruali ndefu, mikono mirefu au hijabu ya michezo acheze hivyo, na hata FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, tangu 2017 inaruhusu kilemba na hijabu mechini. Ukiona kocha wa kiume anacheka makosa ya wasichana huku ya wavulana akiyafundisha, mrekebishe siku hiyo hiyo.

Vijana wenye ulemavu nao waulizwe wanachotaka, mapema. Kikapu cha viti vya magurudumu kimekuwamo kwenye Paralimpiki tangu ile ya kwanza, Roma 1960, na ringi yake ni ya mita 3.05 ile ile. Bila viti vya michezo bado kuna mengi: kurusha, kupiga pasi, kuchezesha, kupanga mbinu. Kazi yenyewe huanzia langoni, kama kiti kinapita.

Hatua ya 8: Shule, kazi na kuongoza

Saa moja kabla ya mazoezi fungueni chumba au kivuli chenye meza kwa wenye kazi za shule, na mwalimu mstaafu au mwanachuo wa kuwasaidia. Iwe hiari. Wengi watakuja kwa ajili ya kikapu na kubaki kwa ajili ya hesabu.

Je, aliyefeli azuiwe kucheza? Msimamo wangu ni kwamba asizuiwe mazoezi kamwe. Ukimnyang'anya mahali pekee anapojiona anaweza, hajaongeza hata alama moja, na wewe umempoteza. Mechi za mashindano ni jambo la kukubaliana naye pamoja na mzazi, kwa muda maalumu na lengo linalofikika.

Kuanzia miaka 15 hivi, wapeni kazi. Kujaza karatasi ya alama, kushika saa ya mchezo, kuchezesha mechi za wadogo. Kijana aliyesimama na filimbi, akatoa uamuzi, akapigiwa kelele na akabaki na msimamo wake, amejifunza jambo ambalo mahojiano ya kazi yatamuuliza. Viti viwili vya kamati viwe vya vijana, na wapige kura kama wengine.

Hatua ya 9: Fedha

Ada iwe ndogo, na asiyeweza asamehewe kimya, bila watoto wengine kujua. Akaunti iwe na sahihi mbili. Kila miezi mitatu bandikeni mapato na matumizi ukutani. Wafadhili wa pombe, tumbaku na kamari waambieni asante, hapana, hata kama jezi zimechakaa: jina litakalokaa kifuani mwa mtoto ni tangazo analolibeba bila kulichagua.

Hatua ya 10: Kupima, na kuwalinda wenye vipaji

Mwisho wa mwaka fungueni daftari mjibu: walioanza wamebaki wangapi? Waliokosa tukawapigia, wamerudi wangapi? Wasichana walipata saa ngapi za uwanja? Ni kijana gani hakuna kiongozi anayeweza kusema lolote juu yake? Kombe mkilipata, furahini nalo, ila lisijibu maswali haya kwa niaba yenu.

Akitokea mwenye kipaji kikubwa, watakuja watu wenye ahadi: shule ya nje, timu, safari. Wengine ni wa kweli. Utaratibu uwe mmoja kwa wote: mazungumzo yafanyike na mzazi akiwepo, barua itoke kwa taasisi yenyewe, na klabu iipigie kwa namba iliyoitafuta yenyewe, si iliyoandikwa na mletaji, pasipoti ya kijana isikabidhiwe mtu, na hakuna mzazi anayetoa fedha ya "kushughulikia". Anayekataa masharti haya ameshajieleza.

Wasiokwenda popote ndio wengi, nao hufikisha miaka 18 na kutoka kwenye timu za vijana. Miezi sita kabla, kaeni na kila mmoja: anakwenda kusoma, kujifunza ufundi, au anatafuta kazi? Anahitaji barua ya utambulisho, mtu wa kumpeleka karakana, au wa kumpitishia fomu? Anayetaka kubaki apewe wajibu wenye jina: msaidizi wa kocha wa walio chini ya miaka 12, refa, mtunza vifaa. Apitie uhakiki ule ule wa Hatua ya 4, kisha kwa mwezi wa kwanza apangwe langoni na daftari, pamoja na aliyemtangulia, ajifunze kuwasalimia wadogo kwa majina.